Rota Kwenye Pindo la Kanga

Mjukuu wangu Kokushubira,

Hapa Kaagya tu wazima. Mama yako anachuma kahawa, nami magoti yamenigomea, ulimi bado.

Unasema gari lako la zamani stata inazunguka lakini injini haiwaki, na mafundi wa huko Dodoma wanataka uliuze kama chuma chakavu. Usiuze! Fungua mwenyewe kifuniko cha distribyuta, pale nyaya za plagi zinapoanzia, utazame kama rota imo.

Babu yako alipochukuliwa na ugonjwa ule, shemeji zangu walikuja kulichukua gari lake kabla hata ya kuanua matanga. Mjane alitakiwa akae chini kwenye nyasi zilizotandikwa ndani, anyamaze. Nikakaa, nikanyamaza. Lakini rota nilikuwa nimeshaichomoa, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Babu yako alinifundisha kwamba bila kidude hicho moto haufiki kwenye plagi.

Walisukuma, wakabadili plagi, wakatukana. Mwisho wakaleta fundi kutoka Rwamishenye. Alifungua kifuniko, akaona pengo, akanitazama kupitia mlangoni. Akafunga.

"Hili limekufa," akawaambia. "Mwachieni mama afugie kuku humo."

Wakaondoka. Matanga yalipokwisha nilirudisha rota, nikapiga stata, likawaka papo hapo. Nikampakia mama yako, nikapita polepole mbele ya nyumba zao, nikipiga honi kwenye kila mlango.

Kwa hiyo mtu akikwambia limekufa, muulize kwanza amefungua nini.

Ni mimi bibi yako, ambaye mpaka leo sina leseni.