Usiende Kuchuma Nyanya Leo

Teunis,

Usihangaike kulitafuta gurudumu la mbele la baiskeli yako. Nimelifungua mimi, wakati unampandisha mkeo Jannie kitandani. ~~Ukibanwa sana, liko kwa jirani Corrie.~~ Hapana, nimeondoka nalo. Nakwenda duka la dawa, kisha sokoni kununua samaki.

Supu ya njegere iko jikoni. Mpe mkeo kidogo kidogo. Daktari atapiga simu saa tatu, usiwe msalani.

Sasa nisikilize. Mtu kaanguka bafuni alfajiri, homa imempanda, na wewe unaniambia, "Baba, nyanya hazisubiri, bosi atanuna." Anune! Sheria inakupa ruhusa ya dharura ya kumuuguza mkeo, na bosi hana ubavu wa kukunyima. Wewe mpigie tu mapema umwambie. Wakubwa wanaijua sana sheria hiyo, ila ukutani kwao wanabandika ratiba ya zamu peke yake. Shule sina, lakini hilo nililisoma mwenyewe, neno kwa neno, mwezi mmoja baada ya kumzika mama yako.

Simu yako iko kando ya mkate. Piga wewe, maana nikipiga mimi nitamtukana huyo bwana.

Siku ile ya mwisho mama yako aliniambia, "Nenda tu kazini, mimi sijambo." Nikaenda. Niliporudi, aliyekuwa amemshika mkono ni Corrie. Jannie naye atakuambia uende. Usimsikilize.

Baba