Laini Moja ya Ploti Nzima

Jumatatu, 3 Machi
Ofisini Kawangware saa moja na nusu. Chai ya rangi. Nimesoma kazi za watu wanne kabla ya kikao. Kwetu programu haitoki mpaka mtu wa pili aisome na kuiwekea jina lake kwamba iko sawa. Mara nyingi jina ni langu.
Bosi anatafuta mkuu wa idara. Ni kati yangu na Mwende. Mwende, jamani. Si mimi nilimfunza kompyuta, kwa ukumbi wa kanisa kule Mashimoni, Kibera? Nimetabasamu hadi mashavu yakauma.

Jumatano, 5 Machi
Mwende ni mwepesi, Mwende anasikiza watu. Bosi haishiwi kumsifu. Mimi eti ni mkali. Kuna wanaume watatu hapa wanafoka kila siku na hakuna anayewaita wakali.
Nina wivu. Wacha niandike hivyo hivyo.

Alhamisi, 6 Machi
Mwende ameniletea kazi niisome. Ni ya kliniki ya wajawazito kule Kibera: akina mama wanatumiwa ujumbe wa siku ya kuja na namba ya foleni. Amesafisha orodha. Majina yenye laini moja ya simu ameyachukulia kuwa mtu mmoja aliyejiandikisha mara nyingi. Amebakisha moja, akafuta mengine.
Mtoto wa Kitui, amepanga Kawangware, Mashimoni alikuja darasani tu, atajuaje. Mimi nimezaliwa Mashimoni. Ploti yetu ilikuwa na vyumba kumi na laini moja tu ya simu, ya mama wa kuuza maji. Ujumbe wa kila mtu uliingia kwake, naye akienda kubisha mlango husika. Wengi wako hivyo mpaka leo.
Kosa nimeliona kabla chai haijapoa. Nimeweka jina langu. Nikamwandikia: iko poa.

Jumatatu, 10 Machi
Programu imetoka asubuhi. Saa nne muuguzi wa kliniki amepiga simu akilia. Akina mama wamejaa nje, majina hayapo, wanarudishwa nyumbani.
Nimeagiza chapati na nikaimaliza.

Jumanne, 11 Machi
Orodha imerudishwa. Lakini kuna mama mmoja, muuza omena wa Kisumu Ndogo, hapo hapo Kibera, mimba ya miezi minane. Alikuwa aje kupimwa presha. Alirudishwa jana, akaanguka jioni. Yeye amelazwa. Mtoto hakuishi.
Mwende amejifungia chooni. Nimempelekea maji. Kisha nimerudi mezani nikaendelea na kazi, na hilo limeniogopesha.
Nilitaka aaibike tu. Basi.

Alhamisi, 13 Machi
Kikao. Bosi ameuliza ni nani aliisoma. Nilikuwa nimeandaa uongo wangu: niliipitia haraka, nilikuwa na homa. Kabla sijafungua mdomo Mwende akasema aliibadilisha baada ya mimi kuisoma. Kwamba nilichokiona mimi kilikuwa sawa.
Hakubadilisha kitu. Herufi moja hakugusa.
Kwenye ngazi akanishika mkono. “Usijali, ticha. Najua ulikuwa umechoka. Wewe ndiye ulinitoa mbali, siwezi kukuangusha.”
Nikamwambia asante.

Ijumaa, 14 Machi
Mwende amefutwa kazi. Amebeba kikombe chake na sweta, ameaga kila mtu, hata askari wa geti.
Mimi ni mkuu wa idara. Wamepiga makofi. Soda, keki ya duka. Bosi amesema ukali wangu ndio tulihitaji siku zote. Mjinga.

Jumatatu, 17 Machi
Ofisi yangu mpya ina dirisha. Kumetulia.
Saa tano Mwende ametuma ujumbe. Anamtembelea yule mama hospitalini kila siku. Mama haongei, anaangalia ukuta tu. Ameuliza kama naweza kwenda naye leo jioni. “Wewe ni wa huko, ticha. Utajua cha kumwambia.”
Nimeusoma mara tatu. Nimejibu niko na kikao. Sina kikao.
Nimefunga mlango na kufungua kazi ya kwanza. Nimeisoma yote, polepole, kisha nikaweka jina langu.