Mikono Iliyohesabiwa Sebuleni

Ofisi ya Vizazi na Vifo,
Chumba Na. 4.
Jumatano, 14 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Wifi na wale mapacha hawajambo? Goti je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi tunapumua, lakini roho yangu haijatulia tangu Jumapili. Nakuandikia kwa sababu ukipiga simu Mama husimama mlangoni kusikiliza. Jirani yetu dereva wa basi atakukabidhi barua hii kesho.

Ya Chiriku, mdogo wetu wa mwisho, umeshayasikia. Mimba ni ya wiki kumi na moja, na daktari anasema moyo wake hauna nguvu ya kuibeba. Akiendelea nayo huenda tukampoteza. Ijumaa anatakiwa arudishe fomu yenye jibu.

Jumapili Mjomba alituita sebuleni. Unamjua, amestaafu lakini ualimu haujamtoka: akataka tunyooshe mikono tupige kura. Yeye na Mama walisema mimba iachwe, aliyemo tumboni ni mtu na ana haki ya kuishi. Mimi na shemeji fundi, mume wa Chiriku, tukasema itolewe, tusimpoteze tuliye naye. Mbili kwa mbili. Wanasubiri mkono wako.

Nilibishana na Mjomba mpaka sauti ikakauka. Nilimwambia miaka yote hii naandika vizazi, na kitabuni kwangu mtu huanza siku anayozaliwa. Akanitazama juu ya miwani. "Kwani ukimwandika ndipo unampa haki, au unamkuta nayo?" Sidhani kalamu yangu imewahi kumpa mtu chochote. Na Mama akimlilia mjukuu wake, simwoni mjinga. Anayesema jambo hili ni jepesi aje akae kwenye kochi letu.

Lakini kinachonikosesha raha ni kingine. Tulipokuwa tunanyoosha mikono, Chiriku alikuwa anazunguka na sinia la chai. Mkono wangu mmoja uko juu, wa pili unapokea kikombe. Nikamwambia asante, sukari imekolea. Kama haki mtu hukutwa nayo, mbona yake hatukuiona na alikuwa mbele yetu?

Jana nilimfuata jikoni kumwomba radhi. Yeye ambaye zamani tulimhonga pipi ili anyamaze, akasema polepole, "Mimi nimeshaamua. Nitamwambia atakayeniuliza bila kunishauri." Nikafungua mdomo nimuulize, nikajisikia naanza, "Lakini mdogo wangu..." Akarudi kwenye vyombo vyake. Nilijichukia.

Leo asubuhi nilimwambia Mjomba nafuta kura yangu. Akasema vizuri, basi ni mbili kwa moja. Fomu anayo yeye, kwenye mfuko wa koti. Ina nafasi ya saini moja tu, na si yake. Nikitoka kazini nakwenda kuichukua, tugombane tugombanavyo.

Wewe usimpigie Mama wala Mjomba. Mpigie Chiriku, muulize, kisha nyamaza, hata naye akinyamaza kitambo.

Nisalimie Wifi, wabusu mapacha. Shemeji fundi anakusalimu, siku hizi hali chakula vizuri. Mungu akutunze, na kesho akupe subira ya kusikiliza, maana mimi ilinishinda.

Nikupendaye daima,
Mdogo wako, karani.