Kyalo Hakuwa Amerika

Mwende rafiki yangu,

Kiti chako ofisini kimepata mtu mwingine. Ni mpole, lakini anakunywa chai bila sukari na bado sijamzoea. Ulisema kweli kuhusu kaka yako Kyalo. Nimeona nikwambie mwenyewe.

Unakumbuka tulivyoanza kazi hapa Nairobi, ya kutambua kompyuta ya mtu iko nchi gani kwa kuangalia namba yake ya mtandaoni? Mimi niliamini kila namba. Wewe ulinicheka. Ulisema namba ni kama sisi Wakamba tukiulizwa kwetu: wewe wa Nuu unajibu "Kitui", mimi wa Tawa najibu "Machakos". Mtu hutaja mji anaopitia, si anakolala. Natamani kukusikia ukinicheka tena hivyo.

Barua pepe za Kyalo zilikuja na namba ya Amerika, mama yako akashukuru Mungu. Si kanisa zima lilimsindikiza kwa nyimbo mpaka kwenye basi alipoaga kwenda Amerika? Wewe peke yako ulinuna. Ukagundua namba ileile inaleta barua za watu chungu nzima wasiojuana. "Ndunge, hii si mtu. Hii ni geti," ulisema. Watu wanapitia hapo ili wasijulikane walipo. Tukaacha kuziandikia nchi namba za aina hiyo, na orodha yetu ya kazini ikaacha kudanganya. Lakini nyuma ya geti hatukuona kitu. Ulipolazwa, kila nikija uliniuliza, "Kyalo yuko wapi?" Ukatuacha sijapata jibu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Baada ya mazishi, lile geti liliharibika. Kyalo aliniandikia bila kulipitia, akilia kwamba hakukuzika. Namba ilikuwa ya Mombasa. Nilimjibu kwamba najua alipo, naye akafunguka: alinyimwa viza, akaona haya kurudi mbele ya wale waliomwimbia.

Nilienda Nuu roho mkononi. Nilimkuta mama akipepeta pojo, nikazungukazunguka na salamu, mwishowe nikasema. Akaweka ungo chini.

"Mombasa? Mombasa hii yetu?"

Akacheka, Mwende. Alicheka huku analia, nami nikalia naye. Kumbe alikuwa ameshajiandaa kufa bila kumwona mtoto aliyembakia. Mimi nilidhani namletea aibu.

Kyalo alifika Jumamosi, akasimama nje kama mgeni. Mama akamshika mkono akamwingiza ndani. Alimpakulia isyo, mahindi na maharagwe vile mnavyopenda, akakaa kumtazama akila. Kisha wakaja kaburini kwako wote wawili. Mimi nilibaki jikoni.

Pumzika, rafiki yangu. Krismasi nitakuwa kwenu, na kila Krismasi nikijaliwa uhai. Kyalo akipotea tena nitamtafuta mpaka nimpate, nakuahidi. Ni wewe tu ambaye sina pa kukutafuta.

Wako,
Ndunge