Samaki wa Marlys

Spokane, 9 Januari

Kwa mdogo wangu Joelle,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na Mama, na kwamba theluji ya Duluth bado haijaziba mlango. Mimi huku sijambo, ila goti linanisumbua baridi ikizidi.

Nakuandikia kwa sababu simu zetu tunazijua: hatufiki mbali kabla mmoja hajamkatia mwenzake. Binamu Verna amenitumia picha za Krismasi. Nimeona kochi limehamishwa, na pale palipokuwa na picha yangu ya harusi pana tangi kubwa la samaki. Mama ameketi mbele yake anacheka. Anacheka, Joelle. Nilipokuja mwaka jana aliniangalia kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Tangi lilikuwa wazo la nani? Samaki kawachagua nani? Mimi ndiye mtoto wa kwanza, ningeulizwa hata rangi tu. Verna anasema unawaita "watoto wa Mama". Nilidhani watoto wa Mama ni wawili.

Msalimie, kama unampa salamu zangu.

Dada yako,
Marlys

Duluth, 21 Januari

Dada Marlys,

Shikamoo, kama bado unazipokea kutoka kwangu. Mama anaendelea vizuri. Tangu kile kiharusi, mkono wa kushoto bado umelala, maneno hayajarudi, lakini supu anakula mwenyewe. Salamu zako nampa kila zinapofika. Hazifiki mara nyingi.

Picha yako ya harusi iko chumbani kwake, haijatupwa. Dwight mumeo mwenyewe ulishamtupa, sijui kwa nini fremu ikuume.

Tangi lilikuwa wazo la mtaalamu anayemfanyisha mazoezi. Alisema Mama anahitaji kitu kinachotembea upande ule ambao jicho limelegea. Nikamsukuma kwenye kiti chake hadi dukani kwa Bwana Odegaard, na samaki amewachagua Mama mwenyewe kwa kidole. Wa kwanza aliyemwonyesha alikuwa yule mpana mwenye mapezi marefu kama mabawa. Odegaard akakataa. Akapiga magoti mbele ya Mama, akamwambia, "Bibi Halvorsen, huyu akikua, hawa wadogo watamwingia mdomoni bila hata kugusa meno." Mama akacheka, ndipo ulipoanzia huo mcheko uliouona.

Basi tukaanza upya. Odegaard akatueleza kwamba maji ya ziwa letu ni laini, hayana madini mengi, kwa hiyo tutafute wanaoyapenda hayo hayo. Kisha tuangalie nani anakaa juu, nani katikati, nani chini, wasigombanie nafasi. Juu tukaweka gapi wenye mikia ya rangi. Katikati neoni, wale wadogo wanaong'aa, kundi zima, maana mmoja peke yake hufa kwa woga. Chini kambare wadogo wa kuokota makombo. Mchana wote tulikuwa pale. Unajua, tangu nizaliwe sikuwahi kuwa na Mama mchana mzima bila wewe kuwa katikati.

Mdogo wako,
Joelle

Spokane, 2 Februari

Joelle,

Nimefurahi kusikia Mama anakula. Goti langu ni lile lile.

Jumamosi utapokea boksi kutoka kwa mfugaji wa samaki wa hapa. Limefungwa vizuri na mfuko wa joto, usiliache kibarazani. Ni zawadi yangu kwa Mama, samaki mmoja tu. Nami nataka kuwa na changu humo ndani. Mwambie Mama ametoka kwa Marlys. Mwambie kwa sauti, sikio la kulia ndilo zuri.

Dada yako

Duluth, 19 Februari

Dada,

Sitakuuliza habari za goti.

Boksi lilifika Jumamosi jioni, Odegaard ameshafunga. Nilimwambia Mama limetoka kwako, akaanza kupiga mkono wa kiti mpaka nilipolifungua. Nilitaka kungoja nimuulize Odegaard kwanza, lakini alikuwa anavuta mfuko kwa mkono wake mzima, na maji yanamwagika mapajani. Nikamtia samaki wako tangini. Ni mzuri, siwezi kukataa. Wa manjano kama kiini cha yai, mistari myeusi toka mdomoni mpaka mkiani.

Asubuhi neoni wote walikuwa wamejibana nyuma ya chujio la maji, wale waliobaki. Gapi hawana mikia. Kambare mmoja alikuwa amelala ubavu na jicho halipo. Nilipomwita Odegaard, alichungulia akashika kichwa. "Nani kakuuzia huyu? Huyu ni wa miambani, kwao Ziwa Nyasa, Afrika. Maji yetu hayamfai, na popote macho yake yanapofika anaona ni kwake."

Nikachukua wavu. Mama akanishika kifundo cha mkono, akanibana mpaka ngozi ikawa nyekundu. Akamtazama yule samaki akifukuza wenzake kona hadi kona. Akasema, tena wazi kabisa, "Marlys."

Ndilo jina la kwanza kumtoka tangu augue. Mimi ndiye ninayemwogesha. Mimi ndiye ninayemgeuza usiku asipate vidonda. Bado naitwa "ee".

Odegaard hakucheka, namshukuru. Niambie ukweli: ulijua?

Joelle

Spokane, 26 Februari

Mdogo wangu,

Nilipofika pale aliposema jina langu nililazimika kuketi kwenye ngazi. Nimemsomea jirani yangu sehemu hiyo. Nimemsomea na tarishi.

Unauliza kama nilijua. Mfugaji aliniambia, "Huyu hachanganywi na wapole." Nikamwambia amfunge huyo huyo. Unataka nikuambie nini? Uliniandikia barua nzima kuhusu nani anakaa juu, nani katikati, nani chini, kila mtu kapewa nafasi yake, hata wa kuokota makombo. Yangu sikuiona.

Pole kwa gapi. Usimtoe huyo samaki.

Dada yako,
Marlys

Duluth, 14 Aprili

Dada Marlys,

Natumaini u mzima. Najua nimekaa kimya.

Nilimtoa. Siku ile ile barua yako ilipofika nilimpeleka kwa Odegaard ndani ya ndoo, nikawanunulia neoni wenzao nikarudi nyumbani. Mama akawaangalia. Jioni akakataa supu. Kesho yake akakataa uji, akageuza uso ukutani. Siku ya tatu nilimkalia mbele nikiwa na kijiko mkononi, nikamwambia, "Mimi ni Joelle. Mama, sema Joelle." Akageukia ukuta tena. Nikamfokea. Nilimfokea mama yangu mgonjwa, dada, mpaka jirani akagonga mlango kuuliza kama tuko salama.

Nikaenda kumrudisha samaki wako. Sasa ana tangi lake peke yake dirishani, na mawe, na dawa ya kuyafanya maji yawe magumu. Mama alipomwona alikula supu yote na mkate.

Usiku ule nilikaa jikoni, nikajikuta namchukia samaki. Hapo nikajua nimechoka. Sikuombi uje kumsalimia kwa siku nne na koti begani. Njoo ukae mwezi mzima. Nami nipe ufunguo wa nyumba yako nikalale.

Joelle

Duluth, 20 Mei

Mdogo wangu Joelle,

Salamu kutoka kwenye kitanda chako, ambacho kinaniua mgongo. Natumaini umelala vya kutosha kwangu, na kwamba paka wangu hakusumbui. Mama ni mzima.

Wiki ya kwanza alinishika uso kwa mkono mmoja, akarudia jina langu, nikalia kama mtoto. Nilijiona nimeshinda, nakuambia wazi. Nikamwogesha, nikambadilisha, nikamgeuza usiku kama ulivyonielekeza. Nikabadilisha na maji ya matangi yote mawili. Samaki wangu akaniuma kidole.

Halafu Mama akaacha kunitazama. Nikiingia na supu anatazama nyuma yangu, mlangoni. Jumatatu akasema, "Joelle." Nikamwambia, "Yuko Spokane, Mama, anapumzika." Baada ya dakika tena, "Joelle?" Kutwa nzima. Nikamsukuma na kiti chake hadi dirishani kwa samaki wake, akamwangalia kidogo, akageuka, "Joelle wapi?" Maneno mawili, Joelle. Mimi niko pale nimeshika taulo, mikono imenichubuka kwa sabuni, naye anakutafuta wewe mlangoni.

Jana nilikwenda kuketi garini muda mrefu. Nilikuwa na wivu hata wa viatu vyako pale ukumbini.

Unarudi Jumapili ya kwanza ya Juni, sivyo? Nitakupokea kituoni.

Dada yako,
Marlys

Spokane, 25 Mei

Dada yangu Marlys,

Shikamoo. Mimi ni mzima, paka naye kanenepa. Pole na mgongo. Weka mto chini ya magoti.

Barua yako nimeisoma, nikaisoma tena, na ile sehemu ya Jumatatu naijua kwa moyo. Nimemsomea jirani yako. Nimemsomea na tarishi.

Sirudi Jumapili hiyo, nimeahirisha hadi ile nyingine. Uchovu umeisha, nisikudanganye. Wewe mwambie tu niko njiani. Acha aniulizie kidogo.

Mdogo wako,
Joelle