Fundi Kajetani, Mshipa Ulikuwa Unapiga

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuache ukiwa umekaa kwenye cherehani yako hapa nyumbani Mshangano, na mpaka leo hatujaelewa.

Ulikuwa mtu wa miguu. Cherehani ya kukanyaga ndiyo iliyotusomesha. Sare za kwaya, magauni ya kipaimara, suruali za walimu wageni, vyote vilipita kwako. Mteja aliyenenepa kabla ya kuchukua nguo yake ulimfumulia bure, ukimtania kwamba mahindi ya mwaka huu yamemkubali.

Mguu wa kushoto ulipozidi kukuuma, Dar es Salaam walikuwekea kibomba cha wavu wa chuma ndani ya mshipa ili damu ishuke. Tulidhani chuma kikishawekwa, basi. Daktari akasema hapana, nyama inaweza kuota humo ndani na kuziba tena. Umeze dawa kila siku, sigara uache kabisa, utembee mpaka mguu uume, upumzike, utembee tena. Akamfundisha Mama kukushika mgongo wa mguu na kuusikiliza mshipa.

Basi kila asubuhi, kabla ya chai, Mama alikushika.

"Unapiga?"

"Unapiga, Baba Edna."

"Haya, leteni chai, bado nipo nipo."

Ikaja asubuhi moja mguu ulikuwa wa baridi. Mama akasema unapiga. Mwanao Anord akashika, akasema haupigi. Edna alisikia, kisha hakusikia. Tukabishana mpaka ukafoka, "Nyie! Mguu wangu, na mimi mwenyewe sijaulizwa!"

Hospitalini hapa Songea daktari alishika, akatikisa kichwa. "Mama," akasema, "unabonyeza sana. Hapo unasikia kidole chako mwenyewe."

Kweli, kibomba kilikuwa kimeziba. Mkarudi Dar es Salaam, wakakifungua kwa puto lililopakwa dawa ya kuzuia nyama isiote tena. Mguu ukapata joto. Ulitembea mpaka sokoni bila kusimama, ukiwapita wenzako kwa maringo kama bwana harusi. Tukasema tumeshinda.

Kumbe moyo. Sisi wote tulikuwa mguuni, Baba. Tumeelezwa kwamba ugonjwa ni mmoja, unatembea kwenye mishipa yote, ya mguu na ya moyo. Tukielezwa tunaitikia, tukifika nyumbani hatuelewi tena. Mguu umepona, mwenye mguu amekwendaje?

Asubuhi ile Mama alikukuta umeinamia kitambaa. Akapiga magoti, akakushika mguu. Ulikuwa wa moto. "Unapiga, Baba Edna," akasema, akangoja uagize chai. Hukuagiza. Anord ndiye aliyekuinua uso.

Mpaka leo Mama anatuuliza: ule ulikuwa mshipa wako, au kidole chake? Tunaulizana wenyewe kwa wenyewe.

Unakumbukwa na mdogo wako Beda wa Lusewa, wanao Edna na Anord, wajukuu, majirani na wanakwaya ambao bado wanavaa sare zako. Unakumbukwa na mkeo Odilia. Kila asubuhi, kabla ya chai, anaweka vidole kwenye kiti chako, anabonyeza sana, na anasikia kitu kinapiga. Tunajua ni nini. Na yeye anajua.

Hatutakusahau kamwe, Baba.