Koti la Mtu wa Bendera

Jumatatu, 3 Machi

Baba katoroka tena. Natoka bafuni — mlango wazi, viatu vyake havipo. Sikuhangaika kumtafuta. Anakwenda kulekule ninakokwenda mimi, karakana ya treni. Yeye anadhani bado ni kazini kwake. Kazini kwangu ni kweli: nachora ramani za kuigeuza iwe maktaba ya umma na ukumbi wa mikutano. Treni ya mwisho ilitoka pale nikiwa darasa la tatu.

Nimemkuta penye mlango mkubwa, juu ya jukwaa lake dogo la mawe, mikono nyuma. Hapo ndipo alipokuwa akiongoza injini kuingia na kutoka. Bendera ya kijani, bendera nyekundu. Mafundi rangi wanampenda. "Shikamoo mzee, njia salama?" "Marahaba, salama kabisa." Wanapita na ndoo zao, naye anafurahi siku nzima. Laiti mimi ningeweza kumfurahisha nusu ya hivyo.

Jioni mlinzi anamwambia "nimepokea, mzee," ndipo anakubali kurudi nyumbani. Ni sheria yao ya zamani. Mtu wa bendera haondoki mpaka amweleze anayempokea njia ipi ina injini na ipi ni tupu, naye ajibu neno moja: nimepokea. Bila neno hilo huondoki hata uwe na homa. Nyumbani nako vivyo hivyo! Kabla ya kulala alikuwa akimkabidhi mama: jiko limezimwa, mlango umefungwa. Mama akijibu, baba anajifunika shuka. Tangu mama afariki, napokea mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Msanifu, mama anayesimamia mradi, kaniita ofisini. Anataka kona ya kumbukumbu pale mlangoni: sanamu ya mtu wa bendera, kimo cha mtu, imevaa sare halisi. Akauliza kama kuna anayemjua mtu mwenye sare. Kimbelembele changu! Nikasema baba ana koti. Nilitaka aheshimiwe angali anakumbuka heshima ni nini. Mama wa watu akanishika mkono, machozi yanamlenga. Ni mtu mwema, ndiyo maana hata wa kumlaumu sina.

Koti lipo kabatini miaka yote. Halivai, anaogopa litachafuka. Nimelitoa alipokuwa anaoga. Sikumwomba. Ningemwombaje? Angesahau kabla sijamaliza kusema.

Jumanne, 11 Machi

Sanamu imefika. Ni ya duka la nguo hii, pua imechongoka, midomo imefungwa kama ya mtu aliyenuniwa akaamua kununa naye. Koti limeikaa sawasawa. Mafundi wameshaipa jina — Bwana Bubu. Wanaisingizia kila kosa. Nani kamwaga rangi? Bwana Bubu. Nani kala chapati yangu? Bwana Bubu. Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Baba alikuwa kliniki na kaka, hakuiona.

Jumatano, 12 Machi

Ameiona.

Alhamisi, 13 Machi

Jana sikuweza kuandika zaidi. Aliingia, akaikuta jukwaani pake. Akaitazama kuanzia viatu hadi kofia. Nilidhani atakasirika. Heri angekasirika. Alivua kofia yake, akaja mpaka mezani kwangu, akasimama kama mtu aliyeitwa na wakubwa. "Samahani mama, nimekosa nini?"

Hakunijua. Nikamwambia hujakosa kitu, baba. Akasema mtu haondolewi zamu bila kuambiwa kosa lake.

Leo hakutoroka. Viatu vipo mlangoni. Nimeiomba siku kama hii mara ngapi, na sasa imekuja siitaki.

Jumapili, 16 Machi

Kaka kaja. Kakaa sofani, kanyoosha miguu, anasema si ndiyo vizuri, mzee ametulia? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikamwambia abaki naye wiki moja tu. Akakumbuka ana safari.

Baba hanikabidhi nyumba tena. Nilimwanza mwenyewe: baba, jiko limezimwa? "Muulize aliye zamu." Akageukia ukutani. Nikamfunika shuka, nikaenda kulitazama jiko mwenyewe.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwomba Msanifu aivue sanamu koti. Kwa upole wake uleule akaniambia mabango ya ufunguzi yameshabandikwa, na picha yenyewe ni hiyo. Nikamwomba basi ihamishwe, hata kule karibu na vyoo. Haiwezekani: ina nguzo ya chuma, imezamishwa kwa zege katikati ya mawe ya jukwaa. Kwa mchoro wa nani? Wangu. Nimejipalia makaa mwenyewe, tena kwa rula.

"Atazoea," akasema.

Ijumaa, 21 Machi

Kesho ufunguzi. Baba kaniomba nimpigie shati pasi. Anakwenda kukabidhi, anasema. Nimefurahi mno — hata supu kamaliza! Baadaye akafungua kabati, akatazama pale palipokuwa na koti, akalifunga polepole.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za chumba cha kusomea. Utepe umekatwa. Vioo vinang'aa, watoto wanakimbizana kwenye vigae. Pamependeza, siwezi kusema uongo.

Baba kanyoa ndevu. Alipita katikati ya wageni, akasimama mbele ya Bwana Bubu, visigino pamoja. "Njia ya kwanza tupu. Ya pili ina injini, breki imefungwa. Ya tatu inatengenezwa. Mlango wazi." Akasubiri jibu.

Watu wakapiga makofi. Wakadhani ni sehemu ya sherehe. Wakapiga picha, wakaenda kusikiliza hotuba. Msanifu akaninong'oneza kwamba ni wazo zuri sana, nimeliwazaje.

Baba akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Alidhani labda kijana yule wa zamu hasikii vizuri.

Mlinzi akaja. "Nimepokea, mzee." Baba akamshukuru sana. Wewe ulikuwa unanishikia tu, akamwambia, mwenye zamu ni huyu mwenye koti.

Nikaenda mimi. Nimepokea, baba. Na safari hii alinijua! Akatabasamu, akaniwekea mkono kichwani. "Wewe ni wa nyumbani, mwanangu. Nyumba nitakukabidhi jioni. Hapa lazima aseme yeye."

Nimempelekea kiti, hakai. Aliye zamu hakai. Nimemshika kiwiko, kautoa mkono wangu taratibu. Nimerudi hapa kwenye ngazi, namtazama. Nimempigia kaka, hapokei.

Fundi rangi mmoja kapita na soda yake. Akasema kwa mazoea yao, "Bwana Bubu, jibu basi, mzee akapumzike." Wenzake hawakucheka.

Hotuba zimekwisha. Wageni wanaondoka, wanampita huku na huku. Baba amenyoosha mkono, ameiweka sawa kola ya lile koti, amefunga na kifungo kilichokuwa wazi. Amerudi nyuma hatua moja. Anaanza tena. Njia ya kwanza tupu.